Pilipili Ikae Ndani ya Nyama: Soseji za Cajun Kutoka Jiko la Nakuru

Watu wa bara tumepewa sifa moja ya jikoni ambayo sijawahi kuikubali, kwamba pilipili si yetu. Ni kweli mchuzi wetu ni kitunguu, nyanya na chumvi, dania ikipatikana, na pilipili ikija mezani huja kando, ndani ya kachumbari au kwenye chupa, kila mtu ajipimie. Lakini simama jioni karibu na stendi ya matatu hapa Nakuru, pale vijana wanapopanga vitoroli vyao vya smoki na mayai ya kuchemsha, usikilize wateja. "Pilipili ongeza." "Hapo hapo, ongeza tena." Hamu tunayo. Tunachokosa ni pilipili iliyotiwa ndani ya chakula tangu mwanzo ikaiva nacho, badala ya kumwagiwa juu dakika ya mwisho.

Hilo ndilo lililonivuta kwenye soseji za Cajun, na ndilo ninalotaka kulieleza kwa kirefu. Nimeona watu wakinunua supamaketi kile kichupa cha viungo vya Cajun, wakazinyunyizia soseji za kawaida, wakazitosa kwenye mafuta ya moto, kisha wakauliza mbona zinauma ulimi bila utamu wowote. Utamu utatoka wapi? Paprika na pilipili ya unga huungua upesi sana. Vile viungo vimegeuka masizi kabla havijaingia kwenye nyama.

Nianze na wenyewe. Watu wa Cajun ni wa ukoo wa wakulima Wafaransa waliokaa Acadia, upande wa mashariki wa Kanada ya leo, tangu karne ya 17. Mwaka 1755 Waingereza walianza kuwafukuza, wakawapakia melini na kuwatawanya huku na huko. Baadhi yao, baada ya miaka ya kutangatanga, walifika Louisiana, kusini mwa Marekani, wakajenga kando ya vinamasi na kwenye nyika za huko. Walikuta joto, mpunga, kamba na pilipili. Walikuta pia Waafrika waliopelekwa kule kwa minyororo, na bamia iliyofika kwa njia hiyo hiyo ya utumwa, na mikono iliyojua kuipika. Upishi uliozaliwa hapo ni wa watu waliopoteza nyumba na mashamba wakaanza upya na kilichokuwepo, na ndiyo maana hautupi kitu.

Kabla ya friji, majirani wa Cajun walikutana wakati wa baridi kuchinja nguruwe kwa pamoja. Desturi hiyo wanaiita boucherie, na bado ipo. Huyu anaosha matumbo, yule anakata nyama, wengine wanakaanga vipande vya ngozi na mafuta mpaka vikauke na kulia mdomoni. Ini na wali vikijazwa kwenye utumbo ni boudin. Nyama ya bega iliyokolezwa kitunguu saumu na pilipili, ikajazwa kwenye utumbo na kufukizwa moshi, ni andouille, na hiyo ndiyo soseji ninayoilenga. Mji wa LaPlace, kando ya Mto Mississippi, hujitangaza kuwa makao makuu ya andouille duniani.

Mtu aliyekulia karibu na Wakikuyu hahitaji maelezo zaidi. Mbuzi akichinjwa Bahati au Subukia, nyama kubwa ikiwa bado iko kwenye makaa, kuna kikundi kimejitenga kinashughulikia mutura. Utumbo umeoshwa, ndani kuna damu, nyama iliyokatwakatwa, kitunguu, dania na pilipili. Unachemshwa, unapelekwa juu ya makaa, unakatwa vipande kwenye ubao, na kila mtu anachukua chake kwa vidole akiwa amesimama, chumvi pembeni. Chakula chenyewe bado hakijaja. Wale wanaosema vitafunio vya kutangulia mlo ni mambo ya hoteli hawajawahi kusimama kwenye ule ubao. Mimi soseji ya Cajun naiandaa kwa nia hiyo hiyo: iliwe moto, iliwe kwa mkono, wali ukiwa bado unakauka.

Na kuna jambo linalonifurahisha kila nikipita Naivasha. Mwaka 1970, kamba wekundu wa vinamasi vya Louisiana, wale wale ambao watu wa Cajun huwachemsha kwa masufuria makubwa uani, walipandikizwa katika Ziwa Naivasha kwa ajili ya biashara. Wakaongezeka, wakaishambulia mimea ya majini, na wako humo hadi leo. Kwa hiyo kaunti yetu imekaa na kiumbe mashuhuri wa meza ya Cajun kwa zaidi ya miaka 50, na wengi wetu hatujamwonja.

Turudi kwenye nyama, kwa sababu hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa.

Nunua bega la nguruwe. Paja ni kavu mno, na mbavu zina mfupa wa kukuchelewesha. Bega lina nyama na mafuta yaliyochanganyika tayari, lakini bado hayatoshi, na hapo lazima uelewane na muuza nyama, maana siku hizi wateja wengi wanataka nyama iliyosafishwa mafuta. Kijana ninayenunua kwake huwa ameshainua kisu.

"Mama, nikutolee haya mafuta?"

"Yaache, kijana wangu. Na kama una ya mgongoni, niongezee robo kilo."

"Ya mgongoni watu wanakataa siku hizi. Chukua tu, mama."

Kiwango changu ni sehemu saba za nyama kwa tatu za mafuta. Najua wengi watashtuka. Lakini kapsaisini, ile kemikali inayofanya pilipili iwashe, huyeyuka kwenye mafuta na haiyeyuki vizuri kwenye maji. Ndiyo sababu ukiwashwa, maji hayakusaidii na maziwa yanakusaidia. Katika soseji yenye mafuta ya kutosha, ukali hubebwa na mafuta yenyewe. Hutoka taratibu unapotafuna na kusambaa kinywani kote. Katika soseji isiyo na mafuta, ukali hukaa mahali pamoja na kuchoma. Anayeogopa mafuta ale vipande vichache. Asiyaondoe kwenye soseji.

Hakikisha pia nyama ina muhuri wa mkaguzi. Tegu wa nguruwe ni tatizo la kweli katika sehemu za magharibi mwa Kenya, hasa nguruwe wanapoachwa wajitafutie chakula, na nyama ya nguruwe isiyoiva ni hatari hata ikiwa imetiwa pilipili kiasi gani. Nyama ya kusaga lazima ifike nyuzi 71 katikati. Kipimajoto cha jikoni si ghali, na kwa kazi hii mimi sikiachi.

Majirani zangu Waislamu nawapikia ya ng'ombe. Nanunua kidari chenye mafuta kwenye bucha yao, natumia ubao, karai na mafuta ya kupikia ya kando, na yao hutangulia kuandaliwa. Haitakuwa andouille ya LaPlace, lakini pilipili zinakaa vizuri sana kwenye mafuta ya kidari.

Kata nyama yote vipande vidogo, kisha uigawe. Nusu isage kwa mashine au umwombe muuza nyama akusagie, nusu nyingine uikatekate kwa kisu hadi iwe punje za ukubwa wa harage. Smoki nyingi za dukani zimesagwa mpaka zikawa uji kabla ya kuganda. Ukizitafuna hukuti nyama mahali popote. Andouille inataka meno yakutane na kitu. Nyama na mafuta vikae kwenye friza kama nusu saa kabla ya kukatwa, na ukiona mafuta yameanza kung'aa na kunata vidoleni, rudisha bakuli kwenye baridi. Baridi ya Julai hapa Nakuru, ile ya asubuhi inayotufanya tuvae masweta mawili, ni msaada mkubwa kwa mtengenezaji wa soseji.

Sasa pilipili. Paul Prudhomme, mzaliwa wa Opelousas huko Louisiana, alifungua mkahawa wake New Orleans mwaka 1979 na kuufanya upishi huu ujulikane duniani. Mapishi yake yanasifika kwa kuunganisha pilipili tatu katika chungu kimoja: pilipili manga nyeusi, pilipili manga nyeupe, na pilipili nyekundu kali ya unga. Mtu akisikia hivyo hudhani ni kuongeza ukali mara tatu. Onja ujue. Manga nyeusi hugonga kwanza, mbele ya ulimi, na harufu yake hupanda puani. Nyeupe ina harufu ya udongo na hukaa nyuma, karibu na koo. Ile nyekundu huchelewa. Unakuwa umeshameza ndipo inapoanza kupasha moto, nayo huondoka mwisho. Ukitumia nyekundu peke yake, hata kijiko kizima, utapata ukali usio na mwanzo wala kati.

Kwa kilo 1 ya nyama pamoja na mafuta yake, natumia gramu 16 za chumvi, ambazo ni karibu kijiko kimoja cha mezani cha chumvi laini kisichojaa. Kijiko cha mezani cha paprika. Kijiko cha chai cha manga nyeusi iliyotwangwa siku hiyo hiyo. Nusu kijiko cha chai cha manga nyeupe. Kijiko cha chai cha pilipili nyekundu ya unga. Punje 6 za kitunguu saumu zilizopondwa. Kijiko cha chai cha majani makavu ya thaimu na nusu yake ya oregano. Pilipili zote hizo zipo mjini, kwenye maduka ya viungo yanayopima kwa gramu, na kitunguu saumu kizuri kipo Soko la Wakulima. Manga nyeupe ndiyo huhitaji kuulizia duka la pili au la tatu. Ulizia, usiiruke.

Changanya viungo na nyama, umimine maji ya barafu kama robo kikombe, kisha ukande kwa nguvu. Chumvi huivuta protini iitwayo myosini itoke kwenye nyama, na hiyo ndiyo gundi itakayoshikilia soseji. Utajua imekuwa tayari ukibandika donge kwenye kiganja, ukageuza mkono chini, na donge likakataa kuanguka. Kaanga kipande kidogo uonje chumvi wakati bado unaweza kurekebisha. Funika, weka kwenye friji, lala. Kesho yake viungo vitakuwa vimeingia.

Anayeweza kupata utumbo safi wa nguruwe au wa mbuzi na ajaze. Kwa vitafunio vya kukaanga hakuna ulazima. Mimi huviringisha mchanganyiko kwenye foili, mche wa unene wa sentimita 4, nakaza ncha mbili kwa kuzisokota, naupika kwenye maji yanayotoa mvuke bila kutokota, karibu nyuzi 80, kwa dakika 40 hivi. Hapa kwetu, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu, lakini hata hizo ni nyingi mno kwa soseji: mafuta yatatoka yote yaelee kwenye maji na kukuachia nyama kavu. Moto mdogo, kipimajoto katikati, nyuzi 71 zikifika toa.

Kisha moshi. Kule Louisiana andouille hufukizwa kwa mpikani, mti wa kokwa wa kule, na wengine huongeza miwa. Sisi tuna mpera, na moshi wa mpera ni mzuri ajabu, mtamu bila uchungu. Mparachichi pia unafaa. Saipresi na msonobari usiviguse, vina utomvu unaoacha ladha ya dawa, na vumbi la mbao la fundi seremala usilitumie kwa sababu hujui mbao zile zilipakwa nini. Tafuta sufuria kuukuu, tandika foili chini, weka vipande vikavu vya kuni, wavu juu yake, soseji iliyofutwa ikakauka juu ya wavu, mfuniko unaobana, na jiko la makaa uani. Moshi ukianza kuchungulia kwenye mfuniko hesabu dakika 25. Soseji itatoka na rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na ukiinusa utaelewa kwa nini nguo zinanukia hadi kesho.

Neno moja zito hapa. Moshi wa aina hii ni wa ladha, hauhifadhi nyama. Kutundika soseji siku kadhaa kwenye moshi wa baridi bila chumvi maalumu yenye nitriti ni kukaribisha bakteria wa botulizimu, ambao sumu yao huua na haina harufu. Ukimaliza kufukiza, acha ipoe, weka kwenye friji, ile ndani ya siku tatu.

Kukaanga ndiko kunakonipa raha kuliko yote, kwa sababu watu wa Louisiana na sisi tunakutana kwenye unga. Samaki na vitafunio vyao vingi hupakwa unga wa mahindi, na kabla ya unga vinalowekwa kwenye maziwa machachu. Unga wa ugali upo, maziwa lala yapo. Kata soseji vipande vya sentimita 1. Vilowe kwenye maziwa lala yaliyotiwa chumvi kidogo na tone la pilipili, kisha vigaragaze kwenye mchanganyiko wa unga wa mahindi sehemu mbili na wa ngano sehemu moja. Unga wa kisiagi uliochekechwa ni bora kuliko ule mweupe wa pakiti. Una punje ndogo zinazobaki ngumu na kulia ukiuma. Acha vipande vitulie kwenye sinia dakika 10 ili unga ushike.

Mafuta yawe nyuzi 175. Asiye na kipimajoto atumbukize mpini wa mwiko: viputo vidogo vikiuzunguka mfululizo, mafuta yako tayari, vikiruka kwa fujo, punguza moto. Weka vipande vichache kila safari. Ukijaza karai, mafuta hupoa, unga hunywa, na utatoa kitu kilicholegea. Dakika 2 au 3 zinatosha maana nyama imeshaiva. Unatafuta rangi na ule mlio. Vitoe juu ya wavu, visirundikwe kwenye karatasi vikatoka jasho. Vikiwa bado vinachemka kwa juu, nyunyiza paprika na pilipili nyekundu kidogo sana. Hapo ndipo viungo vya juu vinapofaa, moto wa karai ukiwa umekwisha kufanya kazi yake.

Vya kuchovya nafanya rahisi: mayonezi vijiko vinne, haradali kimoja, kitunguu saumu kilichopondwa, vitunguu vya majani, paprika, maji ya ndimu. Ni ndugu wa remoulade, sosi ya kuchovya ya Louisiana, na ubaridi wake unahitajika. Kachumbari iwepo pia, isiyo na pilipili safari hii. Na ukipata bamia changa, zipake unga ule ule, zikaange kwenye mafuta yale yale baada ya soseji.

Jumapili moja nilizipitisha sebuleni kabla ya chakula. Baba mkubwa, mzee wa Njoro ambaye pilipili ikiwa kwenye kachumbari huitenga kwa uma, alichukua kipande kimoja, akatafuna, akanyamaza kidogo.

"Hii ni nini inakuja pole pole hivi?"

"Ni pilipili, baba."

"Hapana. Pilipili mimi naijua, hupiga mara moja." Akavuta sinia karibu. "Hii inanipasha moto tu."

Alikula, akafuta jasho la paji la uso kwa leso, akala tena, na akaomba maziwa lala badala ya maji bila kufundishwa na mtu. Kwangu mimi huo ndio ushahidi ninaoutegemea. Mzee hakushindwa na pilipili miaka yote hii. Alikuwa anapewa mbichi, peke yake, juu ya nyanya.

Ile miche ambayo hujaikata na kuipaka unga usiimalize yote kwa siku moja. New Orleans, Jumatatu ni siku ya maharagwe mekundu na wali, na ndani yake huenda andouille. Chukua maharagwe ya nyayo yaliyolowekwa usiku, kaanga vipande vya soseji kwanza mpaka vitoe mafuta, kwenye mafuta hayo ukaange kitunguu, hoho na seleri, kisha maharagwe na maji, moto mdogo, hadi mchuzi uwe mzito. Ponda baadhi ya maharagwe kwa mwiko ukutani mwa sufuria. Chumvi onja mwishoni, kwa sababu soseji imeshakuja na yake.